Sajini wa Jumapili

Mume wangu Luhende alikuwa polisi kwa miaka mitatu, kila Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka jua linapozama. Siku sita zilizobaki za wiki hakuwa kitu. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Yeye mwenyewe ndivyo alivyojiona, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua.

Zamani alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Miaka kumi na saba alifungua geti, akafunga geti, akakagua mifuko ya watu wakitoka zamu. Ujanani alitaka kuwa polisi wa kweli, lakini walipompima wakakuta mguu wa kushoto umepungua kidogo kuliko wa kulia, wakamwambia aende nyumbani. Kwa hiyo geti ndilo likawa upolisi wake, na aliliheshimu kama padri anavyoheshimu altare. Mwaka tisini na mbili, walipoanza kusema viwanda vya umma vinatafutiwa wenyewe, yakasomwa majina ya watu wa kupunguzwa. Lake lilikuwa la nne. Wakamwambia arudishe sare palepale, mpaka viatu. Alirudi nyumbani kwetu Pasiansi peku, mchana kweupe, akikatiza mbele ya nyumba za watu wanaomjua. Mpaka leo nikikumbuka miguu yake ile yenye vumbi pale mlangoni, natamani kutukana.

Aliyemwinua kutoka pale ni Boma, mchezo wa chama chetu cha ngoma. Wazee waliuanzisha enzi za Mwingereza ili kumcheka, na Mwingereza alipoondoka mchezo ukabaki. Inawekwa meza uwanjani. Nyuma ya meza anakaa Bwana Shauri na kofia yake kubwa ya jua. Upande mmoja wanasimama polisi, upande wa pili wezi, ngoma katikati. Ngoma zikikolea, wezi wanaingia wakicheza na kuiba vitu vya watazamaji: kofia, mwavuli, kikapu, hata mtoto mgongoni mwa mama yake wakiweza. Mwizi akifika kwenye mstari wa mawe na mali yake mkononi, amepona. Akikamatwa kabla, anapelekwa mezani, anahojiwa, anahukumiwa kuimba au kuchezeshwa mpaka magoti yaishe nguvu. Mwisho kila kitu kinarudishwa kwa mwenyewe na watu wanakwenda nyumbani wameshiba kicheko.

Lakini polisi wa Boma letu walikuwa aibu tupu. Walikuwa watano, wote wapenda pombe, na kiongozi wao alikuwa Obedi, fundi cherehani mwenye mikono mirefu na haya fupi. Hawakukimbiza wezi, maana wezi walikuwa vijana wenye mbio. Wao walikamata watazamaji. Ukija na viatu vizuri, unakamatwa kwa kosa la viatu. Ukinunua soda, soda inashikwa kama ushahidi, na ushahidi unanyweka. Mwizi akikaribia mawe, wanasogeza mawe. Watu wakachoka. Na katika ngoma zetu za Kisukuma ukishindwa huna refa wa kumlaumu. Vyama viwili vinacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Jioni, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka ule kwenye mashindano ya Kisesa, baada ya mavuno, watu wote walikimbilia kwa wapinzani wetu, sisi tukabaki tunawachezea mbuzi.

Luhende alikwenda kutazama Boma wiki chache baada ya kupunguzwa kazi, kwa sababu nilimfukuza nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda siku nzima akiangalia ukuta na mimi nilitaka kufagia. Obedi akamwona uwanjani, akamkamata kwa kosa la kutovaa viatu.

Watu wakacheka. Luhende hakucheka. Alisimama wima, akanyoosha mikono kando ya mapaja, akamwambia Obedi, "Nisomee sheria niliyovunja."

"Sheria gani? Mimi ndiye polisi."

"Kama hakuna sheria, basi wewe ni mwizi mwenye filimbi."

Uwanja mzima ulilipuka. Bwana Shauri mwenyewe, Mzee Chenge, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Chenge alikuwa mtu mwenye mali: mitumbwi minane ya sangara, lori, na ndiye aliyenunua ngoma zetu zote, ndiyo maana akakalia kile kiti. Akasema, "Basi wewe mwenye kujua sheria, waongoze hawa. Kuanzia leo wewe ni Sajini."

Alisema kwa utani. Luhende aliupokea kama barua ya ajira.

Nilifikiri atachoka baada ya Jumapili mbili. Badala yake alinunua daftari la shule, kurasa mia moja, akakaa mezani na kalamu kama mtoto wa darasa la saba anayengoja mtihani. Akaandika kanuni. Polisi hamkamati mtu mpaka amemwambia kosa lake kwa sauti ya kusikika. Polisi hali, hanywi, wala hashiki kitu cha mtazamaji. Mwizi akivuka mawe, amevuka, na polisi anampa mkono. Polisi akikosea, anaomba radhi mbele ya wote na anacheza ile adhabu ambayo angempa mwingine. Na hii ndiyo iliyowaudhi zaidi: anayetaka kuwa polisi lazima kwanza awe mwizi kwa Jumapili tatu, akimbizwe, ashikwe, ahojiwe, ajue inavyouma.

Nilimcheka. "Baba Rebeka, unga umekwisha ndani, wewe unatunga katiba."

"Mama Rebeka," akasema bila kuinua kichwa, "kama hata mchezo hatuwezi kuucheza kwa haki, tutaweza nini?"

Nilimwona mpumbavu. Nilikuwa nauza chai na maandazi pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, tangu alfajiri, miguu imenivimba, na mwanamume ananiuliza habari za haki. Lakini nitasema ukweli: aliacha kuangalia ukuta. Alianza kunyoa. Kila Jumamosi alifua shati lake la kaki na kulipiga pasi yeye mwenyewe, akidai mimi naharibu mikunjo.

Wawili kati ya wale watano waliondoka kwa hasira. Obedi alibaki, na sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kuongozwa na mtu anayemaanisha anachosema. Alikuwa mwizi kwa Jumapili tatu kama kanuni ilivyotaka, akakamatwa zote tatu. Luhende aliwafundisha kwata, akawafundisha kuuliza swali na kunyamaza mpaka lijibiwe. Jumapili moja alimkamata mzee wa watu kwa kosa lisilo lake, na alipogundua alisimama katikati ya uwanja, akaomba radhi, akacheza adhabu kwa ule mguu wake mfupi mpaka jasho likamwingia machoni. Watu hawakucheka siku ile. Walipiga makofi, na wanawake wengine waliangalia chini. Nami nilikuwepo. Nilijivunia, nikaficha.

Baada ya mwaka watu walikuja kututazama kutoka Mirongo, wengine kutoka ng'ambo ya ghuba. Ndipo likaanza jambo ambalo ningelijua mapema ningelizima. Watu walianza kuleta kesi za kweli.

Ya kwanza ilikuwa ndoo. Mwanamke mmoja aliingia uwanjani katikati ya mchezo akasema jirani yake amechukua ndoo yake na anamwona pale amesimama. Watu walidhani ni sehemu ya igizo. Luhende akamwita yule jirani, akauliza swali, akanyamaza. Yule jirani aliangalia watu wote wanaomtazama, akakimbia nyumbani akarudi na ndoo. Kicheko kikubwa, ngoma zikapigwa, ndoo ikaenda kwa mwenyewe. Kisha ikaja kesi ya mbuzi, kisha ya mpaka wa choo. Luhende aliandika zote kwenye daftari, na tarehe. Watu wa mtaa wakaanza kusema kwamba ukiibiwa ngoja Jumapili. Walisema kwa mzaha, lakini walingoja kweli.

Aliyesikia hayo kwa masikio mawili ni Atieno, jirani yangu pale mwaloni. Mimi nilikuwa na chai, yeye kikaango. Alikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kukata minofu yote ya kupeleka Ulaya. Mumewe Okech alikuwa mvuvi, mtu wa Shirati kule Mara, na alikuwa na kitu ambacho wavuvi wengi wa kule mwaloni walikiota tu: mashine yake mwenyewe ya mtumbwi. Okech alipokufa kwa homa, Mzee Chenge alikuja msibani na majonzi mengi. Akasema maiti isisafiri kwa shida, atatoa nahodha wake, wafunge mashine ya Okech kwenye mtumbwi mkubwa, waende Shirati kwa maji. Atieno alishukuru. Alipiga magoti kumshukuru, niliona kwa macho yangu. Walizika, nahodha akageuza na mtumbwi na mashine. Atieno alibaki matangani mwezi mzima. Aliporudi Mwanza, mashine ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na iko nyuma ya mtumbwi wa Chenge.

"Okech aliniuzia akiwa mgonjwa," Chenge alimwambia. "Hakukwambia? Wanaume hatusemi kila kitu."

Atieno alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Akaenda ofisi ya kata. Akaenda kituoni. Kote waliuliza kitu kimoja, risiti ya mashine iko wapi, na risiti Okech aliiweka kichwani mwake, akaondoka nayo.

Alimwendea Luhende nyumbani kwetu, Jumatano mchana. Mimi nilikuwepo. Alivaa khanga safi kama anayekwenda ofisini.

"Shemeji," alisema, "nimeleta kesi."

Luhende akachukua daftari. Nikasema palepale, mbele ya mgeni, sikujali: "Baba Rebeka, Chenge ndiye Bwana Shauri wako. Ngoma ni zake. Lori la kwenda Kisesa ni lake."

"Kwenye kanuni hakuna mahali nimeandika isipokuwa Chenge."

Aliifanya kazi ile kama hakuna aliyewahi kumwambia mguu wake mfupi. Alimtafuta fundi aliyekuwa akiitengeneza mashine ya Okech. Fundi akamwambia Okech alichonga jina la mkewe kwa msumari, ndani ya kifuniko, mahali rangi haifiki. Siku mashine ilipoletwa kutengenezwa, fundi alifungua kifuniko, na Luhende akaona kwa macho yake: ATIENO, herufi zimepinda. Aliandika. Akamuuliza nahodha, akauliza waliokuwa msibani. Wiki tatu. Mimi nilimwambia Atieno asitegemee sana. Akanijibu kwamba tangu afiwe, Luhende ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza swali na kungoja jibu.

Kisesa, mwaka tisini na tano. Lori la Chenge lilitubeba wote, pamoja na ngoma, meza na kiti cha Bwana Shauri. Wapinzani wetu walikuwa wameleta mtu anayecheza na fisi aliyefungwa kamba, na fisi ni fisi, hakuna polisi anayeshindana naye. Mpaka saa kumi watu wote walikuwa upande wao. Kwetu walibaki wachache, wengi wao ndugu. Chenge alikaa nyuma ya meza amenuna.

Luhende akapuliza filimbi. Ngoma zikanyamaza. Akatembea kwa kwata, peke yake, mpaka mbele ya meza. Akapiga saluti. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu: "Bwana Shauri, uko chini ya ulinzi. Kosa lako ni kuiba mashine ya mtumbwi ya marehemu Okech, mali ya mjane wake Atieno, aliyesimama pale."

Haijawahi kutokea, tangu enzi za Mwingereza, polisi wa Boma kumkamata Bwana Shauri. Watu walishtuka, kisha wakapiga kelele, na kelele ile ilifika upande wa pili. Niliona vichwa vikigeuka. Niliona watu wakianza kuja, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, akina mama wameshika khanga, vijana wanaruka. Fisi akaachwa na mwenye fisi.

Chenge aliwaona. Nilimtazama usoni na niliona kila kitu kikipita: hasira kwanza, halafu akatazama lile kundi la watu, halafu tabasamu. Alitaka kushinda Kisesa. Miaka mingapi alinunua ngoma kwa ajili ya siku hii. Akasimama, akavua kofia yake kubwa, akanyoosha mikono afungwe.

"Nimekamatika!" akapaza sauti. Watu wakashangilia.

Luhende akauliza, "Ulinunua mashine ile, au ulichukua?" Kisha akanyamaza, kama alivyowafundisha wenzake.

Chenge aliuacha ule ukimya ukomae. Alikuwa mchezaji mzuri, siwezi kumnyima. "Nilichukua!" akasema. "Mwenyewe amelala Shirati, mjane yuko matangani, mashine inalia inataka maji. Nikaichukua! Mjane atafanya nini na mashine, atakorogea ugali?"

Kicheko kile nilikisikia mifupani. Watu elfu, labda zaidi, wanacheka. Nami nilicheka. Niandike hilo pia. Nilicheka kwa sababu alisema vizuri, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nilipomwona Atieno. Alisimama na mikoba miwili mkononi na alikuwa akimtazama Luhende tu.

Luhende akafungua daftari juu ya meza. Akaandika maneno yale yote, akayasoma kwa sauti, akampa Chenge kalamu. Chenge akaweka sahihi kwa mkono wa madaha, akainua daftari watu waone. Akahukumiwa kurudisha mashine na kucheza. Akacheza, mzee na kitambi chake, na uwanja ukatetemeka. Tulishinda. Upande wa pili hawakubaki watu wa kujaza lori.

Njiani kurudi waliimba mpaka Mwanza. Chenge alikaa mbele na dereva, akiwapungia watu mkono. Luhende alikaa nyuma na daftari limebanwa kwapani, na alikuwa na furaha ambayo sikuipenda.

Mashine haikurudishwa. Jumatatu Atieno alikwenda kuidai, Chenge akamwuliza kama jua la Kisesa limempiga kichwani.

Basi Jumanne asubuhi mume wangu alivaa shati lake la kaki lililopigwa pasi, akamchukua Atieno, akaenda kituoni na daftari. Kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna polisi aliyemfuata. Aliamini kwamba amewaletea wenzake kesi iliyokamilika: ushahidi, mashahidi, na sahihi ya mtuhumiwa.

Askari wa mezani alisoma akicheka, mpaka alipofika kwenye jina la Chenge. Hapo akaacha kucheka.

"Nani alimhoji huyu mzee?"

"Mimi. Sajini Luhende."

"Sajini wa kituo gani?"

"Wa Boma," alisema mume wangu.

Walimweka ndani kabla ya saa sita. Kosa: kujifanya askari polisi, na kumweka raia chini ya ulinzi bila mamlaka. Shati la kaki likawa kielelezo, filimbi kielelezo, na daftari kielelezo. Atieno alikuja mbio mwaloni kuniambia, na chai yangu yote ilichemka ikamwagika juu ya jiko.

Sikiliza jinsi ilivyokaa, maana hata mimi ilinichukua siku nzima kuelewa. Kama yale ya Kisesa yalikuwa kweli, basi Chenge amekiri wizi mbele ya watu elfu, na mume wangu amejifanya polisi, anafungwa. Kama yalikuwa mchezo, mume wangu anarudi nyumbani leo, na lile neno la Chenge nalo ni mchezo. Jina chini ya kifuniko halikusaidia. Chenge alisema kweli lipo, alinunua mashine na jina lake. Kilichobaki ni lile neno moja, nilichukua, na sahihi chini yake.

Chenge mwenyewe alikuja kituoni, mpole kabisa, akaniletea hata soda. "Mama Rebeka, mimi sina ugomvi na Sajini wangu. Ametuletea ushindi. Mwambie aseme tu kwamba ilikuwa mchezo, yaishe."

Luhende alikataa. Siku ya kwanza alikataa, na ya pili. Nilimpelekea chakula, akala kidogo, akaniuliza kama Atieno anaendelea vizuri. Obedi na wenzake walikuwa wameshaandika maelezo kwamba ni mchezo, wote, mistari mitatu kila mmoja.

Siku ya tatu sikupeleka chakula. Nilimpeleka Rebeka. Nilimvika gauni la shule lililochanika kwapa, makusudi, wakati lingine zima lilikuwepo. Nikamsimamisha mbele ya baba yake, nikasema: "Muage baba yako. Anakwenda jela kwa ajili ya mashine ya mwanamke mwingine."

Rebeka akalia. Luhende alinitazama. Tumeoana miaka mingi na ananijua; aliliona lile gauni, akajua ni la makusudi, na akajua pia kwamba sitaacha.

"Justa," alisema, na huwa haniiti jina langu. "Unajua unachoniomba?"

"Najua."

Nilikuwa najua. Hicho ndicho kinachoniuma, sina hata kisingizio cha ujinga.

Walituingiza wote chumba cha mkuu wa kituo: mimi, Luhende, Chenge, na Atieno aliyeitwa kama mlalamikaji. Mkuu alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

"Mzee, yale ya Kisesa yalikuwa nini?"

Luhende alisimama wima, mikono kando ya mapaja. Hakuwa na shati, alivaa fulana.

"Ilikuwa mchezo tu, afande."

"Na haya maneno kwenye daftari?"

"Mchezo."

Mkuu akamgeukia Atieno. "Na wewe mama? Ulikuwa unaigiza?"

Atieno hakumtazama Chenge. Alimtazama Luhende, amesimama na fulana yake, na nadhani aliona kwamba akikataa yeye, mtu huyu atabadilisha neno lake tena na kurudi ndani. Aliona alichobakiwa nacho mume wangu, akaamua asikichukue.

"Ndiyo, afande," akasema. "Niliigiza mjane."

Mkuu akafunga faili. Chenge akampa kila mtu mkono, na Atieno akampa pia.

Boma liliendelea bila Luhende. Obedi akawa Sajini, na nasikia mawe yameanza kusogezwa tena. Luhende alipewa kazi na Chenge, kulinda mitumbwi mchana, na kampuni ya ulinzi ya mdogo wake Chenge ilimpa sare ya bluu na viatu vipya. Mimi ndiye niliyesema akubali. Anakaa pale ufukweni kwenye kigoda. Nikimwuliza kuna habari gani kazini, anasema hakuna.

Atieno aliuza kikaango chake kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda kumsindikiza kituo cha mabasi ya Musoma, nimebeba mkate na sukari, kama watu wanavyofanya wanapotaka kusamehewa bila kuomba. Alipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza hali ya Rebeka. Kondakta alikuwa ameanza kuita watu wapande.

"Mama Rebeka," akasema, akiwa mguu mmoja ndani ya basi, "mimi sina kinyongo na shemeji. Alikuwa polisi mzuri. Kiwandani walimnyang'anya viatu tu."

Akapanda. Alipata kiti cha upande wa pili, kwa hiyo sikuona uso wake basi lilipoondoka.